Waraka si Sheria: Haki za Uzazi Kila Serikali Mpya Inapoingia

Hongera kwa maharusi wote mnaojiandaa, Mwenyezi Mungu awakamilishie kwa kheri.

Tumezoea kukutana kwa habari za mishono, singo, hina na adabu za ndoa. Leo tunaomba mtuvumilie, mada ni nzito kidogo. Ila ukiisoma mpaka mwisho utaona inakuhusu wewe unayeolewa, na binti utakayemzaa inshallah.

Tunawaandikia kutoka Galula, mbali na bahari. Galula ni kata ya Wilaya ya Songwe, katika bonde la Ziwa Rukwa. Mkoa wetu wa Songwe bado mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Makao makuu ya mkoa yako Vwawa, ya wilaya yako Mkwajuni, na sokoni kwetu kwa vitambaa ni Tunduma, mpakani na Zambia. Waislamu huku ni wachache, majirani wengi ni Wakristo, lakini kwenye cherehani tunakutana wote. Mwezi wa kwanza, shule zikikaribia kufunguliwa, hatushoni gauni za harusi. Tunashona sare.

Mwezi wa kwanza mmoja alikuja mama na binti yake. Mama alikuwa na kitambaa cha sketi kwenye mfuko wa rambo. Binti alitusalimia shikamoo, akakaa kwenye benchi kimya. Tulikuwa na vipimo vyake kwenye daftari tangu alipoanza kidato cha kwanza, tukataka kuvitumia vilevile. Mama akasema:

"Hapana fundi, mpime upya kote, kifua na kiuno. Hivyo vya zamani havimfai tena. Amenyonyesha."

Tukachukua futi kamba, tukampima. Tukaacha pindo refu chini, kama tunavyowafanyia wote wanaoendelea kukua. Wakati tunaandika vipimo, mama akauliza:

"Hivi fundi, nyie mnasoma mambo kwenye simu. Hii ruhusa ya kurudi shule ni ya kweli? Na akija mwingine akasema tena hapana, itakuwaje? Maana sare ni hela."

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwambia tu ni kweli, ampeleke mtoto. Lakini swali la pili lilibaki na sisi, tukaanza kuuliza wakubwa na kusoma. Haya tunayowaandikia ndiyo tuliyoyapata.

Tunaposema haki za uzazi tunamaanisha nini

Tuanze hapa, maana neno hili linawatisha wengi. Wapo wanaolisikia wakadhani tunataka kuhalalisha zinaa. La hasha. Zinaa ni haramu na itabaki haramu. Tunazungumzia mwanamke kuolewa kwa ridhaa yake akiwa amekua, kujua mwili wake unavyofanya kazi, kupanga na mumewe nafasi kati ya mtoto na mtoto, na kujifungua bila kufa. Na tunazungumzia mzazi wa umri mdogo kutofungiwa mlango wa elimu kwa sababu amezaa.

Mambo haya katika nchi yetu yamepanda na kushuka kila uongozi ulipobadilika. Na kila yalipopanda, kulikuwa na wanawake walioomba, walioandika, na hata walioshitaki.

Bara: kutoka 1959 hadi nyota ya kijani

Uzazi wa mpango haukuletwa na serikali. Ulianza mwaka 1959, bado tuko chini ya mkoloni, kwa chama kilichoanzia Dar es Salaam ambacho baadaye kilijulikana nchi nzima kwa jina la UMATI, Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Tazameni jina lilivyochaguliwa: uzazi, halafu malezi.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya haikuwa na haraka na jambo hili. Nchi ilikuwa kubwa na watu wachache, wengi waliona kuzaa sana ni neema tu. Lakini mwaka 1969, alipokuwa akieleza mpango wa pili wa maendeleo wa miaka 5, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha watu kwamba kuongeza idadi ni kitu kimoja, na kuweza kuwatunza na kuwasomesha hao watoto ni kitu kingine. Mwaka 1974 serikali ikaruhusu huduma za uzazi wa mpango ziingie katika kliniki za mama na mtoto. Hapo ndipo mama wa kijijini alipoanza kuyasikia mambo haya sehemu aliyozoea kumpeleka mwanawe kupimwa uzito.

Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka, akaingia Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu aliyekuwa Rais wa Zanzibar. Wakati wake, mwaka 1989, ulizinduliwa mpango wa taifa wa uzazi wa mpango, na mwaka 1992 ikatoka sera ya taifa ya idadi ya watu. Miaka hiyo ya 1990 ndipo ilipobandikwa ile nyota ya kijani kwenye vituo vya afya. Mama zetu wanaikumbuka vizuri. Hata asiyejua kusoma aliijua: ukiona nyota ya kijani, hapo unaweza kuuliza.

Visiwani: mwaka uleule, hadithi tofauti

Dada zetu wa Unguja na Pemba, msidhani mambo haya ni ya bara tu. Mwaka huohuo 1985, Zanzibar ilitungwa sheria ambayo mwanamke asiye na mume akipata mimba aliweza kufungwa jela. Sheria ilisema inawalinda. Lakini mimba huonekana tumboni kwa mwanamke, haionekani kwa mwanaume. Kwa hiyo aliyekamatwa kirahisi ni yule ambaye mwili wake ulikuwa ushahidi.

Ilidumu miaka 20. Wanawake wa visiwani, wakiwemo wanasheria na waandishi wa habari, walisema na kuandika, na mwaka 2005, wakati wa Rais Amani Abeid Karume, Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria mpya ya kuwalinda wari na watoto wa mzazi mmoja. Kifungo kikaondolewa, ikawekwa huduma kwa jamii, na baba wa mtoto naye akawekewa wajibu wake.

Halafu mwaka 2010 Zanzibar ikaweka utaratibu wa mwanafunzi aliyejifungua kurudi shule. Yaani visiwani, kwenye Waislamu karibu wote, mlango huo ulifunguliwa miaka 11 kabla ya bara. Tunalisema hili kwa sababu huku kwetu wapo wanaodhani ni dini ya Kiislamu iliyoufunga. Si kweli.

Chalinze, Juni 2017

Huku bara kulikuwa na Kanuni za Elimu za mwaka 2002 zilizoruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili au kwa kuingia katika ndoa. Neno mimba halikuandikwa humo. Lakini walimu wengi walilisoma humo, na binti aliyeonekana na tumbo aliandikiwa barua akaondoka.

Mwishoni mwa 2015 iliingia serikali ya awamu ya tano. Kuna mema ambayo hatuwezi kuyakana: ada za sekondari za serikali hadi kidato cha nne zilifutwa, na mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, mwanaume anayempa mimba mwanafunzi au kumuoa akaandikiwa kifungo cha miaka 30. Sisi wenye watoto wa kike tulishukuru.

Lakini tarehe 22 Juni 2017, akiwa Chalinze mkoani Pwani, Rais John Magufuli alitamka kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi mwenye mimba atakayerudi shule. Lilikuwa tamko tu. Halikupita Bungeni, wala sheria mpya haikutungwa, lakini kuanzia siku ile mwalimu mkuu aliyekuwa na huruma aliogopa, na asiyekuwa na huruma alipata nguvu. Mashirika yaliyopinga yalionywa na Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo kwamba yanaweza kufutiwa usajili.

Septemba 2018, akiwa Meatu, Simiyu, Rais aliwaambia wananchi kuwa anayefanya kazi kwa bidii hana haja ya kupanga uzazi. Mwezi huohuo Wizara ya Afya ikasimamisha matangazo ya redio na televisheni ya uzazi wa mpango yaliyofadhiliwa na Marekani. Huduma kliniki hazikufungwa. Lakini mnajua mambo ya vijijini. Mume aliyekuwa na mashaka alipata neno la kumwambia mkewe: hata Rais amesema.

Katika miaka ile sisi wa cherehani tulisikia kauli moja mara nyingi: "Huyo ameshaharibu, mpelekeni akajifunze kushona." Tunaipenda kazi yetu, inatulisha na imejenga nyumba zetu. Lakini kushona kuna hesabu, kuna vipimo, kuna kuandika risiti na kusoma mkataba wa mwenye fremu. Cherehani si jalala la kutupia watoto walioshindikana. Binti akija kujifunza kwa kupenda, karibu sana. Akiletwa kama adhabu, analia juu ya kitambaa.

Hatua chache tu, upande wa pili

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa mkoa huu tuliliona kwa macho, na pengine nyie wa visiwani hamkulijua. Songwe inapakana na nchi mbili, Zambia na Malawi. Malawi iliruhusu wasichana waliozaa kurudi shule tangu 1993. Zambia tangu 1997. Ukisimama Tunduma na kuvuka kwenda Nakonde, ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Watu wanasalimiana kwa lugha zilezile, wanauziana mchele na vitenge, wanaoana. Binti wa upande ule akijifungua, utaratibu wa nchi yake ulimngoja darasani. Binti wa upande huu alikatiwa jina.

Na Kenya nao waliruhusu tangu 1994. Kwa hiyo tuliposikia watu wanasema ukiwarudisha hawa utaharibu shule nzima, tulijiuliza: mbona majirani zetu wamefanya hivyo zaidi ya miaka 20 na shule zao zipo?

Tena huku ndiko palipohitaji mlango huo zaidi. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini, asilimia 22 wamewahi kupata mimba. Songwe ilikuwa asilimia 45. Yaani kwenye benchi letu wakikaa wasichana 10 wa umri huo, wanne au watano kati yao. Hii si habari ya binti wa mtu fulani mwenye tabia mbaya. Hii ni habari ya mkoa.

Machi 2021

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tarehe 19 aliapishwa Mama Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Wengi wetu tuliangalia kwenye televisheni za maduka. Mtandio mwekundu, Msahafu mkononi. Kuna mama wa Kikristo hapa kwetu aliyesema, "Leo wameapisha mtu anayejua uchungu wa kuzaa." Tulicheka, lakini tulimwelewa.

Hata hivyo mlango haukufunguka siku ile. Ilipita miezi 8. Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ikiwemo kujifungua, wanaruhusiwa kurudi. Ikatoka na karatasi yake: Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021. Utaratibu unampa binti muda wa miaka 2 kurudi.

Tusisahau kilichotangulia tangazo hilo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao walikuwa wameshapeleka malalamiko tangu 2019 mbele ya Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto. Mwaka 2022 kamati hiyo iliamua kwamba kuwafukuza wasichana na kuwalazimisha kupimwa mimba mashuleni kulivunja haki zao. Wapo walioandika, wapo waliokwenda kuzungumza na wabunge, wapo walimu waliowafundisha mabinti jioni nyumbani kwao bila kutangaza. Serikali mpya ilipoingia ilikuta hoja ziko tayari mezani. Huo ndio utetezi. Kelele ni sehemu ndogo yake, sehemu kubwa ni kujiandaa kabla mlango haujafunguka.

Na kuna mengine ambayo serikali hii iliyasukuma. Mwaka 2022 mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na wachanga, m-mama, ulianza kupelekwa nchi nzima. Unapiga 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa halipo, dereva wa kawaida aliyesajiliwa anatumwa. Kwa sisi ambao hospitali ni safari, namba hiyo tumeiandika ukutani kwa chaki. Utafiti wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa 2015 na 2016 ulionyesha 556. Alhamdulillah. Ni kazi ya wakunga na madaktari wa miaka mingi, na tunawaombea.

Ndoa: kesi iliyoshinda, sheria ikabaki

Sasa tuje kwenye jambo linalotuonyesha vizuri kwa nini mama yule alikuwa na haki ya kuuliza.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo inatumika bara na haitumiki Zanzibar, inaruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mvulana ni 18. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alifungua kesi, na tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Rebeca, na serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha sheria.

Mwaka mmoja ukapita, ukapita na mwingine, serikali ikabadilika, na sheria ikabaki kama ilivyokuwa. Waraka ulitoka katika miezi 8. Sheria ya ndoa, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa, ikakwama. Na zile Kanuni za 2002 nazo waraka haukuzifuta.

Unaona tofauti, dada? Waraka ni kama bikari ya sindano za kichwa. Tunashikiza kitambaa kwa sindano za kichwa ili kikae vizuri kwa muda, tujue gauni litakavyokuwa. Ni hatua muhimu, hakuna fundi anayeiruka. Lakini hakuna bibi harusi anayetoka na gauni la sindano. Lazima lipitishwe cherehani. Na cherehani ya haki hizi ni Bunge.

Dini yetu inasemaje

Hatujasoma kiasi cha kutoa fatwa, na hatutaki kujifanya mashekhe. Tunaleta yale tuliyofundishwa madrasa na kuyahakikisha kwa wajuzi.

Katika Suratul Baqara aya ya 233, Mwenyezi Mungu anataja kunyonyesha miaka 2 kamili kwa anayetaka kutimiza, na anataja kuwa wazazi wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya hapo, iwe kwa ridhaa na mashauriano ya wote wawili. Hebu fikiri: hata kumwachisha mtoto ziwa kumewekewa mashauriano ya mke na mume. Itakuwaje kupata mtoto mwenyewe kusihitaji mashauriano?

Sahaba Jabir bin Abdillah, radhi za Allah ziwe juu yake, alisimulia kuwa wao walikuwa wakifanya azl, yaani kuzuia mimba kwa kumwaga nje, wakati Qur'ani inashuka, wala hawakukatazwa. Wanazuoni wengi wakashurutisha ridhaa ya mke, kwa kuwa naye ana haki katika tendo na katika mtoto. Imam Ghazali, wa madhehebu yetu ya Shafii, alitaja kulinda uhai wa mke kuwa ni sababu inayokubalika. Kufunga kizazi kabisa bila dharura ya kiafya ni jambo jingine, hapo muulize shekhe na daktari wote wawili.

Na kuhusu ndoa, tunaye Khansa bint Khidam. Baba yake alimwozesha bila ridhaa yake, akaenda kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, na Mtume akaivunja ndoa ile. Alipeleka jambo lake mahali linapoamuliwa, akasikilizwa. Kwa hiyo mwanamke wa Kiislamu anapodai haki yake kwa adabu hajaiga wazungu. Ana waliomtangulia.

Na yule binti aliyekosea? Toba iko wazi. Tunayemuabudu hafungi mlango wa toba, sisi ni nani tufunge mlango wa darasa? Na mtoto aliyezaliwa hana kosa lolote. Mama yake akisoma, yeye ndiye wa kwanza kufaidika.

Biharusi, haya ni yako

Kabla ya akdi, zungumza na mchumba wako mbele ya walii au kwa njia ya wakubwa: mnataka kupumzika muda gani kati ya mtoto na mtoto? Kama unasoma, utamaliza? Usione haya. Tumewashonea maharusi wanaojua rangi ya kila kitambaa cha ukumbini lakini hawajawahi kumuuliza mume swali hili, na miaka 3 baadaye wanakuja kuongezewa gauni la nne la ujauzito huku wamechoka hata kusimama.

Nendeni kliniki wawili. Muuguzi akieleza vidonge, sindano, kijiti au kitanzi, mume asikie mwenyewe, asisimuliwe.

Somo na makungwi zetu, tunawaomba kwa heshima: mnapomfunda mwari jinsi ya kumpendeza mume, mfundeni pia dalili za hatari za ujauzito na namba ya kupiga usiku. Hilo nalo ni fundo la ndoa.

Na mwenye binti aliyejifungua, usimfiche ndani. Hesabu ile miaka 2. Nenda shuleni naye, taja Waraka Namba 2 wa 2021, uliza kwa upole na usiondoke bila jibu.

Halafu wakati wa kampeni, wagombea wanapokuja kucheza ngoma na sisi na kugawa kanga, tuwaulize jambo moja: utaipeleka Bungeni lini iwe sheria? Mwanamke mwenzetu akiwa Ikulu ni furaha, lakini yeye naye ni binadamu, atamaliza muda wake. Miaka ile ya katazo alikuwa Makamu wa Rais, na mlango ulikuwa umefungwa. Akiondoka, anayekuja baada yake tusimngojee tuone ataamkaje.

Jibu letu kwa yule mama

Binti alirudi kuchukua sketi siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Alikuja na mtoto mgongoni. Tulimshika mtoto akaijaribu sketi, ikamkaa vizuri. Akauliza kwa nini pindo ni refu hivi. Tukamwambia akirefuka aje tulifungue, hatutamtoza.

Mama yake sasa tunaweza kumjibu. Ndiyo mama, ruhusa ni ya kweli, mpeleke mtoto leo. Na ndiyo, mwingine anaweza kuja akasema hapana, kwa sababu kilichofunguliwa kwa karatasi kinaweza kufungwa kwa karatasi. Ndiyo maana wewe na sisi, wa bara na wa visiwani, bado tuna kazi ya kudai iandikwe mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuifuta kwa kusimama jukwaani.

Ewe Mola, wahifadhi mabinti zetu, wape waume wema walio tayari kushauriana nao, wafanyie wepesi wajawazito wote usiku huu, na utujaalie viongozi wanaosikia. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.